Swichi ya joto ya feni ya rejeta kwenye gari la kujiundia

Swali: Habari zenu mafundi. Ninaunda gari mfano wa Lotus Seven hapa Uingereza, lenye injini ya Ford Kent, na rejeta yangu haina tundu la swichi. Je, niifunge kwenye mpira wa maji wa juu au wa chini?

Jibu: Ndugu, mimi ningechagua wa juu, kwa sababu maji yanayopita hapo ndiyo yanayotoka kwenye injini. Kata mpira, uingize kiungio cha alumini chenye tundu la uzi, kisha uchague swichi inayowasha feni kwenye nyuzi 92 na kuizima kwenye 87, mradi themostati yako (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) ifunguke kwenye nyuzi 82. Ikiwa ni ya 88, feni huenda isizime kabisa, kwa kuwa maji ya hapo hayatashuka hadi 87.

Jibu: Nakubaliana naye. Ila kiungio hicho kimebanwa na mpira pande zote mbili, kwa hiyo swichi yenye ncha moja ya waya haitapata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) mpaka ukivutie waya kutoka kwenye bodi ya gari. Tafadhali umeme wa feni upite kwenye rilei (swichi ya umeme mkubwa inayowashwa na swichi hiyo ya joto) yenye fyuzi yake, usipite kwenye swichi ya joto yenyewe.

Jibu: Toa hewa yote kabla ya kujaribu, maana swichi iliyozungukwa na hewa huchelewa kuhisi joto.