Kisigino kimevunjika, daktari kasema upasuaji usubiri. Wenye uzoefu naombeni ushauri

Binti wa Mwanjelwa:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mdogo wangu anachuma maparachichi huko Rungwe. Wiki iliyopita tawi lilikatika naye, akatua wima, uzito wote ukaishia mguu wa kulia. Picha ya CT imeonyesha mfupa wa kisigino umepasuka vipande vitatu na ufa umeingia mpaka kwenye kiungo. Daktari kasema atawekewa vyuma, lakini siyo sasa. Kamfunga hogo la upande mmoja, katurudisha nyumbani mguu ukae juu ya mito, turudi wiki ijayo.

Hapo ndipo ukoo umegawanyika. Baba mkubwa anasema hao wanataka chai tu, na ameshaongea na mzee mmoja wa Kiwira anayekanda mifupa. Dada anataka tukope tumpakie basi la Dar, MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili. Mgonjwa mwenyewe sigara haimtoki mdomoni. Kuchelewa huku ni kawaida? Na vyuma ni lazima?

Mnyalu wa Kihesa:
Kamwene dada. Mzee wa Kiwira mpelekeeni ndizi, mguu msimpelekee.

Fundi Kenchi:
Poleni sana. Mimi nilidondoka kwenye kenchi hapa Makambako, nikavunja hicho hicho, na mimi nikaambiwa subiri. Niliwaka! Nilifungwa sahani na skrubu, kidonda kikapona vizuri, ila mguu haukurudi ule wa zamani. Kwenye lami hutajua kitu. Nipe kokoto au mteremko, hapo ndipo naumbuka, maana mguu haulali pembeni tena. Na sisi wa Njombe tambarare tunaitoa wapi? Paa nimeacha, siku hizi nakata mbao chini na kusimamia vijana.

Fizio Sokomatola:
Dada, huo siyo uzembe. Kisigino hakina nyama ya maana, mfupa umefunikwa na ngozi tu, na ukivimba ngozi inavutika. Ukiipasua ikiwa hivyo haifungi, kidonda kinachimbika, usaha unafika kwenye chuma. Kawaida husubiriwa siku 7 hadi 14, mpaka ngozi ya pembeni ianze kukunjamana. Ila wiki 3 zisipite, vipande vinaanza kushikana vibaya na kuvirudisha inakuwa kazi. Tarehe ya kurudi msiikose. MOI ni wazuri, lakini kutwa nzima kwenye basi mguu ukining'inia ni kuongeza uvimbe. Nendeni kwa rufaa, kama wa huku wakisema haiwezekani.

Sigara iishe leo, siyo siku ya upasuaji. Inabana mishipa midogo ya damu, na ngozi ya pale inaitegemea hiyo hiyo.

Kama vyuma ni lazima, hapo hata madaktari wanabishana. Uingereza mwaka 2014 ulitoka utafiti wa wagonjwa 151: baada ya miaka miwili, waliopasuliwa na wasiopasuliwa walilingana kwa maumivu na kutembea, ila matatizo na kurudiwa upasuaji yalikuwa asilimia 23 kwa waliopasuliwa na 4 kwa wenzao. Lakini waliopinda kisigino vibaya sana hawakuingizwa humo. Na ule wa Kanada wa 2002 ulionyesha wasiopasuliwa ndio waliorudi zaidi baadaye kufanyiwa upasuaji wa kugandisha kiungo. Kwa hiyo muulizeni daktari: pembe ya Böhler, ile inayopimwa kwenye picha kuona kisigino kimebonyea kiasi gani, imebaki ngapi (ya kawaida ni nyuzi 20 hadi 40)? Na atapita wapi, mkato mrefu wa herufi L au ule mdogo wa pembeni? Mdogo hausumbui sana kidonda, ila siyo kila mvunjiko unafaa.

Mgongo umepigwa picha? Wanaotua kwa visigino, kama mmoja kati ya kumi huwa kavunjika na pingili za kiuno.

Mama wa Mafinga:
Mzee wangu ana kisukari, wakakataa kumpasua. Alikaa na magongo miezi, hakukanyaga kabisa. Anatembea, anaenda shamba. Kisigino ndio kimetanuka, kiatu cha kulia fundi kampanulia kwa nyuma.

Binti wa Mwanjelwa:
Mgongo haujapigwa picha! Analalamika kiuno, nikadhani ni kulala chali. Na leo kuna malengelenge mawili chini ya kifundo.

Fizio Sokomatola:
Msiyatumbue. Mrudisheni leo hii, na huyo asibebwe mgongoni wala asipande bodaboda, alazwe kwenye gari. Kabla hamjatoka angalieni nyuma ya kisigino, pale kano kubwa inaposhikia. Kuna aina ya mvunjiko ambayo kano huvuta kipande juu, kikaisukuma ngozi kwa ndani. Ngozi ikiwa nyeupe au nyeusi hapo, haisubiri wiki, ni suala la saa. Vidole vikifa ganzi, au maumivu yakigoma kusikia dawa, semeni mlangoni kabisa.

Binti wa Mwanjelwa:
Nyuma ngozi ni ya kawaida, vidole anavichezesha. Shemeji analeta Noah, tutamlaza siti ya nyuma. Ndaga fijo wote. Baba mkubwa naye anakuja, anauliza bima inalipa vyuma?

Fundi Kenchi:
Aulize dirisha la bima kabla hajalazwa. Mimi vyuma ndivyo vilivyokula hela, siyo kitanda.