Praktikali ya masi ya moli: namba zinasema ethanoli, mwalimu anasema asetoni. Tumekosea wapi?

BintiUyole
Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Niko mwaka wa kwanza, chuo kiko huku Mbeya. Tulipewa kimiminika hakina jina tutafute masi ya moli (moli moja ina gramu ngapi) kwa ile njia ya flaski, yaani unapima flaski tupu na foili yake, unaweka kimiminika kama mililita 3, unafunika, unatoboa foili kwa sindano, unaizamisha kwenye bika la maji yanayochemka mpaka chote kigeuke mvuke na ziada itoke kwenye kitundu, halafu unaitoa inapoa, unafuta, unapima tena.

Uzito uliongezeka gramu 0.378. Flaski ya 250 ml, presha atm 1, joto 100. Tukaingiza kwenye kanuni ya gesi, PV = nRT, ikatoka 46.3. Tukarudia mara mbili, 45.8 na 46.9, na ethanoli ni 46.07, kwa hiyo tukaandika ethanoli tukiwa na uhakika kabisa. Mwalimu karudisha ripoti anasema ni asetoni, 58.08! Kosa la asilimia 20. Na kweli ilinukia kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha ila tukapuuza kwa sababu namba zilikaa vizuri. Sasa anataka tueleze vyanzo vya makosa, na ukiandika "makosa ya kibinadamu" anakata maksi. Mara tatu zote jibu moja, kosa linatoka wapi?

MzeeWaBurette
Pole mdogo wangu. Kwanza hiyo atm 1 na hiyo 100 mlizipima au mlizikariri? Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, presha ya huko haifiki atm 1 hata siku moja. Na ikiwa presha ndogo maji hayasubiri 100 kuchemka. Themomita ilisoma ngapi?

BintiUyole
Ilisoma 94.5, tukasema mbovu, tukaandika 100 😔

MzeeWaBurette
Haikuwa mbovu, ndiyo ilikuwa inawaambia ukweli. Maji yakichemka 94.5 ukienda kwenye jedwali la presha ya mvuke wa maji unakuta kama mmHg 625, yaani kPa 83.3 badala ya 101.3. Tena usiende kuchukua presha kwenye programu ya hali ya hewa ya simu, ile nyingi wameshaigeuza ionekane kama upo usawa wa bahari, itakupa hPa 1,015 hivi (kPa 101.5) hata ukiwa juu ya Mlima Rungwe. Tumia barometa ya maabara ya fizikia au hiyo themomita yako. Piga upya hesabu.

BintiUyole
Nimepiga kwa 83.3 na 94.5, imetoka 55.5!! Asante sana mkuu, si tumefika? Kosa asilimia 4 tu.

KemiaKwaVitendo
Dada subiri kwanza usiandike hiyo. 55.5 yako imesimama juu ya kosa jingine. Ile 250 iliyoandikwa kwenye flaski ni mpaka kwenye mstari, haifiki mdomoni, na mvuke haujui mstari, unajaza chombo chote mpaka kwenye foili. Chukua flaski ileile, jaza maji mpaka pomoni, pima uzito, toa uzito wa flaski tupu, gramu moja ya maji ni kama mililita moja. Utashangaa.

Pia kagua mikunjo ya foili. Mimi mwaka wangu nilipata sabini na kitu kwa asetoni hiihii, kumbe tone la maji ya bika lilijificha chini ya mkunjo pale shingoni. Tone moja ni kama gramu 0.05, na wewe mvuke wako wote haufiki hata nusu gramu, kwa hiyo tone moja tu linakula zaidi ya asilimia 10 ya jibu. Tangu siku ile nafungua foili, nafuta, nairudisha, hapo ndipo naamini mizani.

BintiUyole
Nimetoka maabara sasa hivi. Imejaa ml 296. Lakini nikiweka 296 jibu linarudi 46.9! Nimechanganyikiwa kabisa, kila nikisahihisha linaharibika. Foili tulifuta nakumbuka.

Mlimani_PChem
Halijaharibika, sasa ndiyo umebaki na kosa lenyewe. Mwanzo presha yako ilikuwa kubwa mno ikashusha jibu, ujazo ulikuwa mdogo mno ukalipandisha, vikafutana karibu vyote, na ndiyo maana mara tatu mlipata 46. Kurudia hakuwezi kugundua kosa la aina hiyo maana linakuja lilelile kila mara.

Lililobaki ni hewa. Fikiria flaski tupu ulivyoipima mwanzo, ilikuwa imejaa hewa na hewa ina uzito. Mwisho unapoipima imepoa, asetoni imerudi chini kama vitone, lakini asetoni haitulii, hata kwenye chumba cha nyuzi 20 mvuke wake una presha ya mmHg 185 hivi. Presha ya ndani na ya nje lazima zilingane kwa sababu kitundu kipo, kwa hiyo kwenye 625 yako, 185 imekaliwa na mvuke wa asetoni na hewa imebakiwa na 440 tu. Hewa iliyokosa nafasi mizani haikuihesabu, ila wewe ulipotoa uzito wa mwanzo uliitoa yote. Ukipiga hesabu, kPa 24.6 kwenye lita 0.296 kwa kelvini 293 ni moli 0.00299, zidisha kwa 29, masi ya moli ya hewa, unapata gramu 0.087. Ongeza kwenye 0.378 iwe 0.465.

Hili mwongozo mwingi wa praktikali hauligusi kabisa na inaniuma, maana kwa kimiminika chenye presha kubwa ya mvuke kama asetoni ndilo kosa kubwa kuliko yote. Dumas mwenyewe, yule mkemia Mfaransa mwenye njia hii, mwaka 1826 alikuwa anaziba ncha ya chupa kwa moto ikiwa bado imo ndani ya maji ya moto, hewa haikurudi ndani, akasahihisha kwa namna yake. Sisi tumeweka foili yenye kitundu, basi na hesabu ibadilike.

BintiUyole
57.6!!! Nimerudia mara mbili kwenye kikokotoo. Sikutegemea hewa ndiyo ingekuwa mchawi.

MzeeWaBurette
Safi sana. Kwenye ripoti kila kosa andika linavuta jibu upande gani, hapo ndipo maksi zilipo. Ukitoa flaski kabla kimiminika hakijaisha, uzito unazidi na jibu linapanda. Ukiiacha muda mrefu baada ya kuisha, mvuke unatoroka hewa inaingia, jibu linashuka. Shingo ikibaki nje ya maji ina baridi, mvuke unarudi kuwa kimiminika pale, jibu linapanda. Na mkirudia tumieni hoti pleti, asetoni inachemka nyuzi 56 na inashika moto haraka mno, mvuke ule unaotoka kitunduni usikutane na mwali wowote.

BintiUyole
Nimeelewa. Tunarudia Alhamisi, nitapima joto la chumba pia maana sasa najua linaingia kwenye hesabu ya hewa. Nikipata majibu nayaleta hapahapa.