Meli itafunga Muscat siku moja tu, nimpeleke wapi mama aongee na watu?

BintiPangani
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mwezi ujao nampandisha mama meli ya kitalii kutoka Dubai, na siku moja tunashuka Muscat, asubuhi hadi jioni. Melini wanauza ziara za basi, ila ni kukimbizana tu: msikiti, soko, picha, rudini. Mama hataki picha. Kakulia Pangani, majirani zake wa utotoni walihamia Oman, na hamu yake ni kukaa na watu wa huko wapige soga. Anajua Kiswahili tu. Tutawapataje bila kuwasumbua?

MzeeWaGati
Marahaba mwanangu. Meli za abiria hufunga Mutrah, Bandari ya Sultan Qaboos. Ndani ya bandari hamtembei kwa miguu, kuna basi la kuwafikisha getini. Madereva wa teksi watawazonga hapo nje. Soko la Mutrah liko karibu, tembeeni taratibu kando ya bahari.

Ubani_Muscat
Dada, mimi naishi huku. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa Sultan Qaboos aliposhika nchi 1970, familia nyingi zilikuja kutoka Unguja, Pemba, Mombasa, hata Burundi. Wazee wanakiongea Kiswahili nyumbani mpaka leo. Vijana wengine wanaelewa, ila watakujibu kwa Kiarabu.

Sokoni wauzaji wengi ni Wahindi na Wabangladeshi, kwa hiyo mama aangalie wateja: akina mama wanaochagua ubani, wazee waliokaa kwenye maduka ya halua. Ajitande kanga yake, atoe salamu, kisha aendelee kwa Kiswahili. Kanga yenyewe itamtambulisha. Akikaribishwa kahawa asikatae. Kikombe ni kidogo na anayemimina haachi. Akitosheka akitikise, hapo ataachwa.

Ombi langu moja: habari za 1964 asizianzishe yeye. Kuna waliopoteza ndugu. Wakizileta wenyewe, awasikilize tu.

KusiNaKaskazi
Angalia ni siku gani. Ijumaa asubuhi maduka mengi yamefungwa. Siku nyingine hufunga kuanzia kama saa saba mchana, yanafunguliwa saa kumi. Shukeni mapema, msisubiri foleni ya kifungua kinywa.

BintiPangani
Asanteni sana, mama nimemsomea yote na sasa ananihimiza nitafute kanga nzuri. Anauliza, yule atakayemkaribisha ampe nini? Mikono mitupu hataki.

Ubani_Muscat
Doti ya kanga, yenye maneno ya heri. Huku zinapendwa mno, hasa na bibi zetu.

MzeeWaGati
Chakula msishushe, meli nyingi zinakataza. Na muwe mmerudi getini saa nzima kabla ya muda wa mwisho wa kupanda. Waliotoka na ziara ya meli husubiriwa. Mliotoka wenyewe mtaachwa.