Miti kwenye marudio ya dhahabu Chunya: mche upewe lita ngapi?

Mdau wa Makongolosi:
Habari za kazi, wadau. Kikundi chetu kimekabidhiwa nusu eka palipokuwa na makarasha (mashine za kusaga mawe) na mabwawa ya kuchenjulia dhahabu, ambapo pamebaki marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, ili tupaoteshe miti. Mwaka jana tulipanda miche 200 ya mikaratusi na mijohoro, na tangu mvua zilipokatika tuliimwagilia lita 1 kwa kila mche kila jioni, imebaki 31. Maji tunayanunua kwa dumu la lita 20. Naomba kujua mche mmoja unahitaji lita ngapi kwa wiki, tupange bajeti kabla ya Novemba.

Mkulima wa Mafinga:
Ndugu, huku Mufindi mikaratusi tunaipanda mvua zikianza na hatuimwagilii kabisa. Ongezeni iwe lita 2, itashika tu.

Bibi Shamba mstaafu, Mbeya:
Mwanangu wa Mafinga, Mufindi kuna ukungu na udongo mzito wenye kutunza unyevu, wakati Chunya ni kukavu na hapo tunazungumzia marudio, yaani unga wa mawe usio na mboji.

Mdau, kisahani cha udongo kinachouzunguka mche, chenye upana wa sentimita 50, kikipewa lita 1 hupata sawa na mvua ya milimita 5, ambayo huishia juu na kukaushwa na jua la kesho yake, na mizizi nayo hubaki juu ikiyafuata maji hayo. Lita 10 kwa mkupuo mmoja kila wiki ni sawa na milimita 50 na huzama chini, mradi udongo uyapokee. Kwa hiyo anzeni na udongo: chimbeni shimo la sentimita 30, lijazeni maji jioni, mkaangalie asubuhi kama yamezama.

Matandazo ya nyasi kavu yawe mazito, ila yasiguse shina. Maji ya mvua yanayotiririka juu ya marudio msiyaelekeze kwenye miche, kwa kuwa yanaweza kubeba zebaki na asidi; kingeni yale yanayotoka upande wa pori. Miti ya matunda msipande hapo. Migunga naipendelea kuliko mikaratusi, na mkitaka miyombo, wekeni kwenye kila kiriba (kifuko cha kuoteshea mche) konzi ya udongo uliochotwa chini ya miyombo mikubwa, kwa sababu mizizi yake hutegemea aina fulani ya kuvu wa ardhini ambayo kwenye marudio haimo.

Mdau wa Makongolosi:
Shikamoo mama, na asante. Tumechimba mashimo matatu. Lililo upande wa pori lilikauka usiku uleule, lakini mawili ya kwenye mabwawa ya zamani yalikuwa bado na maji saa mbili asubuhi. Miche yetu mingi ilifia huko huko, nasi tulidhani ni kiu.

Bibi Shamba mstaafu, Mbeya:
Marahaba. Huko mizizi ilikuwa inaoza wakati wa mvua, na lita mlizoongeza kiangazi hazikuwa na mzizi wa kuzinywa. Kwa sururu vunjeni tabaka gumu linalozuia maji huko sasa hivi kungali kukavu, changanyeni samadi iliyooza, na mwaka huu pandeni miche 60 tu upande wa pori. Kwa lita 10 kila mmoja, hayo ni madumu 30 kwa wiki. Kwa miche 200 yangekuwa 100, na kikundi kingechoka kabla ya Septemba.