Daftari la mtaa: nani apewe namba ya jirani yako?

Mwanzisha mada

Habari za jioni ndugu zangu. Jambo hili limenikaa kifuani tangu mwaka juzi, na leo naomba tulijadili bila matusi.

Mtu akifika ofisi ya serikali ya mtaa akaomba namba ya simu ya mkazi fulani, au aonyeshwe nyumba anayokaa, ofisi impe?

Mimi nasema isimpe. Ofisi ichukue jina lake, namba yake na shida yake, imfikishie anayetafutwa, halafu huyo anayetafutwa aamue mwenyewe kupiga au kunyamaza. Ila namba za viongozi na watumishi wanaolipwa kwa kodi zetu zibandikwe ukutani, kila apitaye azione. Leo mambo yako kinyume. Namba ya mjane aliyepanga chumba kimoja inapatikana kwa dakika tano. Namba ya ofisa afya wa kata, mfereji ukiwa umefurika kinyesi, utaizungukia wiki nzima.

Msinione kama mtu asiyejua faida ya daftari la wakazi linalowekwa na ofisi hizo. Mjomba wangu aliondoka Songea kijana akaenda kukata mkonge Tanga, barua zikakatika. Mwaka 2011 mimi na mama tulikwenda Muheza tukiwa na jina lake na jina la kijiji, basi. Mtendaji wa kijiji akafungua daftari la wakazi, hakumwona. Hakutuacha hivyo, akatupeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji cha pili, na huko wakamkumbuka mzee mmoja Mngoni anayekaa karibu na kisima. Mama alilia mpaka kitenge kikalowa. Kwa hiyo naliheshimu daftari.

Sasa sikieni upande wa pili. Nilimpangisha dada mmoja na mwanawe wa miaka miwili. Nikafanya inavyotakiwa, nikampeleka kwa mwenyekiti akaandikishwa: jina, alikotoka, simu, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), ndugu wa karibu. Hakuniambia kwamba amemkimbia mume aliyekuwa anampiga. Miezi minne baadaye mwanamume akafika ofisini kwetu, amevaa vizuri, ana picha za harusi kwenye simu, anasema mkewe hana akili timamu na ametoroka na mtoto. Wakamhurumia. Wakamsomea namba, wakampa na kijana wa kumwonyesha nyumba.

Alifika kwangu saa mbili usiku. Dada alikuwa uani anakaanga samaki. Aliposikia ile sauti barazani alijitupia mtoto mgongoni, akapita mlango wa nyuma na kanga moja. Samaki waliungua wote. Hakurudi hata kuchukua vyombo, viko stoo kwangu mpaka leo, na namba yake haipatikani tena.

Aliyesoma lile daftari si mtu mbaya. Ndiye aliyesimamia msiba wetu alipofariki baba. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba hapakuhitajika mtu mbaya ofisini. Ilitosha mtu mwema asiye na utaratibu.

Mtendaji mstaafu

Mwanangu, pole sana kwa hilo. Nami nimekaa kwenye kiti hicho miaka 22, vijijini kwanza kisha mjini, naomba unisikilize.

Daftari halikuanzishwa ili kuuza siri za watu. Tulitakiwa kujua nani anaingia na nani anatoka, kwa sababu mwizi akijificha kwako lawama ni ya kiongozi. Na watu wenyewe wanalihitaji. Unataka kufungua akaunti benki, barua ya mtaa. Unamwekea nduguyo dhamana polisi, barua ya mtaa. Nitaandikaje barua ya mtu nisiyemjua?

Mtoto akipotea sokoni akataja jina la baba tu, tunafungua daftari. Mtu amegongwa na bodaboda, mfukoni ana kitambulisho, hospitali wanatafuta ndugu, tunafungua daftari. Maiti haingoji mtu aamue kupiga au kunyamaza.

Halafu hiyo simu ya kumpigia anayetafutwa ni simu ya nani? Ofisi nyingi nilizokaa hazikuwa na simu. Nilitumia yangu, na vocha yangu. Ukisema ofisi ifikishe ujumbe, sema pia nani ananunua vocha.

Mwanzisha mada

Shikamoo mzee wangu. La vocha umenishika, sikulifikiria, na ni kweli tupu. Hilo liingie kwenye matumizi ya ofisi kama ilivyo karatasi na wino.

Kuhusu msiba na ajali sina ubishi. Hapo piga mara moja, wewe mwenyewe, aliyekuja akiwa amekaa mbele yako. Ndugu akipokea akasema “mpe namba yangu”, mpe. Hujachelewesha mazishi hata kwa robo saa.

Naomba kukuuliza, katika hiyo miaka 22 ulikuwa unampa kila anayekuja?

Mtendaji mstaafu

Marahaba. Hapana. Nilikuwa na maswali yangu. Nilimuuliza jina la mama wa huyo anayemtafuta. Nilimuuliza mara ya mwisho walionana wapi. Kisha nilimwambia arudi kesho. Mwenye nia njema hurudi. Mwenye hasira ya usiku ule mara nyingi harudi. Lakini nakiri, huyo mume uliyemtaja, wa picha za harusi, angejibu yote mawili, na angerudi kesho.

Mwanasheria kijana

Naomba niweke sheria za Tanzania mezani, maana nimeona nyuzi nyingi zinachanganya sheria mbili.

Ya kwanza ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Watu hufika ofisini wakaisimamia kifua mbele, “ni haki yangu kupewa”. Sheria ile inahusu taarifa zilizo mikononi mwa ofisi za umma. Raia anaomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Tumia haki hiyo kujua fedha za darasa zilikwenda wapi. Lakini sheria hiyohiyo inairuhusu ofisi kukataa pale ambapo kutoa taarifa kutaingilia faragha ya mtu bila sababu ya msingi.

Ya pili ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kiini chake: taarifa ya mtu ikikusanywa kwa kazi fulani, itumike kwa kazi hiyo. Ofisi za serikali nazo zinabanwa, si kampuni za simu na benki peke yake. Dada yule aliandikishwa ili atambulike kama mkazi. Hakuna aliyemwambia kwamba namba yake itasomwa kwa yeyote mwenye picha nzuri kwenye simu. Aliyetendewa hivyo anaweza kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Na juu ya zote ipo Katiba. Ibara ya 18 inampa mtu haki ya kutafuta na kupokea taarifa, ya 16 inalinda maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Polisi wanaochunguza kosa wana mlango wao kisheria, ila waje rasmi, si kumpigia mtendaji simu wakiwa baa.

Mwenye duka la jumla, Mbagala

Nyote mnaongea kama watu wasiodaiwa wala wasiodai.

Mimi nauza unga, sukari na mafuta kwa wenye maduka madogo. Mteja mmoja alichukua mzigo wa shilingi milioni 1.8. Dhamana yangu ilikuwa barua ya utambulisho, yenye mhuri wa mtaa. Kisha akahama usiku. Nikaenda kwa mwenyekiti wake, nikaambiwa “hizo ni taarifa binafsi”. Sasa ule mhuri ulikuwa wa nini? Walipomtambulisha kwangu haikuwa siri, amekula mali yangu imegeuka siri?

Dada mwanzisha mada, kwa utaratibu wako ofisi itampigia mdaiwa wangu kumwambia anatafutwa. Unadhani atapokea kwa furaha aje? Atahama tena.

Mwanzisha mada

Kaka, hoja yako ndiyo ngumu kuliko zote na sitaipita juu juu.

Wewe una haki ya kulipwa, na mtaa ulioweka mhuri una wajibu wa kukusaidia. Lakini msaada huo upite mahakamani. Unafungua madai Mahakama ya Mwanzo, wito unatoka, na mtendaji anautumia ujuzi wake wa mtaa kuufikisha kwa mdaiwa. Hapo ofisi inamjua alipo na inamfikia, bila wewe kupewa ramani ya nyumba yake. Unachohitaji ni deni lako. Anwani ulikuwa unaitafuta kwa sababu ya deni.

Na samahani kwa kusema hili, nakuamini wewe. Ila wapo waliokwenda nyumbani kwa mdaiwa na vijana sita wakatoa godoro na jiko mbele ya watoto. Mwenyekiti aliyeko kwenye kiti hawezi kujua wewe ni yupi kati ya hao.

Mwenye duka la jumla, Mbagala

Nimeshafika Mahakama ya Mwanzo. Nauli, kufunga duka, kuahirishwa, nauli tena. Kwa mtu wa milioni 50 sawa. Kwa milioni 1.8 nusu inaishia barabarani. Sijakataa hoja yako, nasema gharama yake imewekwa mgongoni kwangu peke yangu.

Mwanaunguja

Assalaam alaykum. Nyinyi wa Bara mnagombana na daftari. Kwetu ni sheha, kiongozi wa shehia kama mwenyekiti wenu wa mtaa, na sheha mzuri hana haja ya kufungua daftari. Anakujua wewe, mkeo, mama wa mkeo na siku mliyoingia shehiani. Ukifunga kabati kwa kufuli mbili, mdomo utaufunga kwa kufuli gani?

Ndiyo maana mimi naona sheria ya karatasi itafika nusu ya njia. Tulilelewa kwamba mgeni akiuliza nyumba ya fulani, hata mtoto mdogo anamshika mkono anampeleka. Ni adabu hiyo. Kumwambia mgeni “kaa hapa, nitamwita yeye aje” kwetu kunaonekana ubahili. Mpaka hilo ligeuke, dada wa samaki atapatikana kwa kuulizia kwenye kibanda cha chipsi.

Mwanzisha mada

Wa alaykumu salaam. Umesema kweli kabisa. Kijana aliyemwonyesha yule mwanamume nyumba yangu alifanya kile alichofundishwa na mama yake, na hata mimi ningemfundisha hivyo.

Lakini kumwita mwenyeji aje si ubahili. Zamani ulisimama barazani ukapiga hodi, ukangoja kukaribishwa. Hakuna aliyeingia ndani kwa sababu tu anaujua mlango. Ninachoomba ni hodi ileile, ipigwe kwa simu ya ofisi.

Wa Mombasa

Huku kwetu Kenya sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo tangu 2019, na Katiba ya 2010 ina kifungu cha 31 cha faragha na cha 35 cha kupata habari. Sheria safi. Ila enda jengo lolote mjini, askari wa lango anakuandikisha jina, kitambulisho na simu kwenye buku lililo wazi, na anayekuja nyuma yako anasoma yote. Dadangu alianza kutumiwa meseji za mapenzi usiku na mtu aliyesoma buku hilo. Kwa hivyo msitazame ofisi ya mtaa pekee.

Mwanzisha mada

Hilo limenikumbusha jingine. Mtaani kwetu kuna kundi la WhatsApp la ulinzi shirikishi. Kila mwisho wa mwezi inarushwa orodha ya waliolipa na wasiolipa: jina, namba ya nyumba, simu. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 kila nyumba ina namba na barabara ina jina, jambo jema, gari la wagonjwa linafika. Ila ukiweka namba ya nyumba pamoja na simu na jina la mwanamke anayeishi peke yake, kisha ukairusha kwa watu mia mbili usiowajua nusu yao, umemwandalia mtu mwingine kazi yote. Mweka hazina anahitaji kujua nani hajalipa. Mimi sihitaji.

Wakati huohuo nimekwenda ofisini kwetu jana kuangalia ubao wa matangazo. Kuna picha ya Rais, kalenda, na tangazo la chanjo lililopita. Hakuna simu ya mtendaji, ya diwani, wala ya ofisa afya.

Mtendaji mstaafu

Mwanangu, ningekuwa bado kwenye kiti ningeanza na jambo dogo. Nunua kaunta buku la pili, mbali na la wakazi. Chora mistari: tarehe, jina la anayetafuta, kitambulisho chake, simu yake, anamtafuta nani, kwa shida gani, saini. Anayekuja aandike mwenyewe kwa mkono wake. Buku la wakazi likae kabatini, hili la watafutaji likae mezani likiwa limefunikwa. Mwenye nia mbaya haogopi maswali yangu, lakini kuacha jina lake na saini ataogopa. Na yule anayetafutwa ukimpigia unamsomea aliyemtafuta ni nani.

Mkutano wenu wa mtaa ni lini?

Mwanzisha mada

Jumamosi ijayo, saa nne, chini ya mwembe wa shule. Nitaomba ajenda mbili: hilo buku pamoja na vocha ya ofisi, na namba za watumishi kubandikwa ubaoni. Buku nitalinunua mimi.

Mwenye duka la jumla, Mbagala

Dada, huyo mdaiwa wangu nasikia amehamia upande wenu. Likishanunuliwa hilo buku nijulishe. Nitakuja kuandika jina langu ukurasa wa kwanza, niweke na saini, tuone kama ofisi itanipigia.