Buildroot, Yocto au NetBSD kwa skrini za misikitini?

KijanaWete
Assalaam alaykum. Nna kazi ya skrini za nyakati za sala, misikiti mitatu hapa Wete. Nataka mfumo mwembamba, ukiwaka uonyeshe saa basi. Nitaukompaili (kuugeuza kodi yake kuwa programu) kwenye laptopu kisha niutie kwenye memori kadi. Buildroot au Yocto, za kujijengea Linux, au NetBSD, mfumo mwengine kabisa? Ijumaa natakiwa kutoa jawabu.

FundiDarajani
Waalaykum salaam. Bodi gani? Laptopu ina nafasi kiasi gani?

BintiMkoani
Na prosesa yake. Usitwambie "Raspberry Pi" ukanyamaza, hizo kompyuta ndogo ziko aina nyingi.

KijanaWete
Pi Zero W, zile za mwanzo. Laptopu ni ya Intel, imebaki GB 60.

FundiDarajani
Yocto iondoe basi, wenyewe wanataka zaidi ya GB 90. Chukua Buildroot: `make raspberrypi0w_defconfig`, kisha `make`, ukalale. Inajijengea kompaila, keneli (moyo wa mfumo) na yote, inakupa sdcard.img, faili la kutia kwenye kadi.

Pweza
NetBSD! Skripti yake ya build.sh inakompaili mfumo mzima kutoka Linux au macOS, hata haki za msimamizi haitaki.

BintiMkoani
Wewe hata ukiulizwa mchuzi umepungua nini utajibu NetBSD. Kwani kukompaili kwenye bodi yenyewe kuna nini?

FundiDarajani
Prosesa ya kiini kimoja cha GHz 1 na RAM MB 512? Utaoa na kuzaa keneli haijesha.

Maalim_K
Yakhe, tahadhari na hiyo Zero. Prosesa yake ni ARM1176, ukoo wa ARMv6, wa zamani kuliko ARMv7. Mie nilipata kazi kama hiyo, nikachukua kompaila iliyo tayari ya Debian (Linux moja hiyo), ya armhf, jina la programu za prosesa za ARM. Ikakompaili bila ya lawama. Nikaijaribu kwa QEMU, programu ya kuiga prosesa nyingine, kwenye laptopu, saa inatembea. Nikaenda msikitini, wazee wamekaa wanangoja, nachomeka: skrini nyeusi na mstari mmoja, prosesa imekutana na amri isiyoijua. Imamu ananiuliza, "Maalim, yasemaje?" Nikabadilisha waya, nikabadilisha kadi, wapi! Kumbe armhf ya Debian ni ya ARMv7 kwenda juu, na QEMU isipoambiwa huiga prosesa yenye uwezo zaidi, ndiyo maana haikushtuka. Raspberry Pi OS, mfumo wa wenyewe Raspberry Pi, nayo hujiita armhf, ila yao imejengwa kwa ARMv6. Ukitumia Buildroot hayo hayakupati, kompaila inajengwa kwa prosesa hiyo hiyo.

Pweza
Wala NetBSD. Unamwambia `-m evbarm -a earmv6hf`, kwisha.

Kondo_Chake
Mnagombania kompaila, saa je? Zero haina betri ya saa. Umeme ukikatika na intaneti hakuna, inaamka na wakati wa zamani. Tia moduli ya saa yenye betri, DS3231, na kwenye keneli washa dereva ya rtc-ds1307, ndiyo inayoihudumia. Halafu usiweke longitudo ya Mjini Unguja: Wete iko mashariki kwa kama nusu digrii, adhuhuri yenu inatangulia dakika mbili.

FundiDarajani
Dakika mbili! Muadhini wetu huchelewa tano.

BintiMkoani
Ngoja Ramadhani uone kama dakika mbili ni mchezo.

KijanaWete
Hiyo DS3231 Chake inapatikana, au mpaka Unguja? Na Pweza, hujanambia kama NetBSD inaishika waifai ya Zero.