Simu ya kawaida, picha, video au zahanati: kwa mtoto na kijana, ipi itumike lini?

TabibuWilayani
Wakuu, kila mada ya matibabu ya mbali kwa watoto ikifunguliwa hapa, tunaishia kushindanisha programu. Tulinganishe njia zenyewe. Kwanza mpaka: mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, huyo hana ushauri wa simu. Apelekwe kituoni, na simu ipigwe mkiwa njiani ili wajiandae. Kichanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa ni hivyo hivyo.

Baada ya hapo, simu ya kawaida inadharauliwa bure. Kwa mtoto anayeharisha, maswali machache yanatosha kuamua: anakunywa? Amekojoa lini? Kuna damu kwenye choo? Macho yamebonyea? Majibu yakiwa mazuri, anabaki nyumbani na ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini): chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, kuanzia miaka 2, mililita 100 hadi 200. Zinki miligramu 20 kwa siku (10 kama hajafika miezi 6), siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Kosa la simuni ni kusema "changanya pakiti moja" bila kuuliza imeandikwaje. Zipo za lita 1 na zipo za ujazo mdogo. Ya lita 1 ikikorogwa kwenye glasi, chumvi inazidi na mtoto anaharibikiwa zaidi.

Sista_Korogwe
Nakubali, Daktari, ila kwa kikohozi sauti haitoshi. Inabidi pumzi zihesabiwe. Wengi hukimbilia video ya moja kwa moja, nami naipinga: mtandao ukisuasua picha inaganda, na pumzi tatu zinaonekana moja. Bora mzazi arekodi klipu ya dakika nzima, kisha aitume. Mtoto awe ametulia, hanyonyi, halii, nguo imepandishwa, kamera ionyeshe kuanzia shingo hadi kitovu, mwanga wa dirishani. Mhudumu anahesabu, anarudia kuhesabu. Viwango: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka, miezi 2 hadi 11, ni 50, mwaka 1 hadi 5, ni 40. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, usisubiri hesabu, mtoto aende hospitali.

BabaNasra
Na homa peke yake? Mtoto ana miaka 3, anacheza, anakula. Picha au video itasaidia?

Sista_Korogwe
Haitasaidia, Baba Nasra. Kwenye maeneo yenye malaria hakuna macho yanayoiona kupitia kioo cha simu. Kinachohitajika ni tone la damu na kipimo cha haraka, kinachojibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Daktari anayekuandikia dawa ya malaria kwa simu bila kipimo, muepuke. Sikio ni hivyo hivyo: bila kifaa cha kuchungulia ndani, mtu anakisia.

Mfamasia_K
Niongeze kuhusu dozi, maana hapa ndipo ushauri mzuri unapoharibika. Kabla ya kupiga, chukueni kadi ya kliniki na msome uzito wa mwisho na tarehe yake. Kisha pigeni picha lebo ya chupa. Parasetamoli ya maji ipo ya miligramu 120 kwa mililita 5, na ipo ya 250. Mtoto wa kilo 12 kwa miligramu 15 kwa kilo anahitaji 180, yaani mililita 7.5 za ile ya 120. Ukipima mililita hizo hizo za ile ya 250, umempa 375, zaidi ya mara mbili. Tumieni bomba la sindano lisilo na sindano, si kijiko cha chai. Kila saa 6, isizidi mara 4 kwa siku.

Picha zenyewe zinafaa zaidi kwa magonjwa ya ngozi: moja ya mbali, moja ya karibu, moja ya ubavuni kuonyesha kama upele umeinuka, na sarafu pembeni kwa kipimo. Tumeni kama faili, WhatsApp isizipunguze ubora. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo andikeni pia kama pana joto au panauma. Manjano ya kichanga msiyaamini kwenye picha kabisa; rangi ya simu inadanganya.

Afya_Rika
Mmewasahau vijana, na kwao hoja si kamera bali faragha. Hapa sauti au ujumbe mara nyingi huishinda video. Mhudumu aanze: uko wapi, nani yuko karibu, una hedifoni? Kisha maswali ya ndiyo au hapana, ili anayesikia upande wa pili asielewe. Mkubaliane neno moja la kumaanisha "mtu ameingia". Kama kuna dalili za kutaka kujidhuru, pata mahali alipo na namba ya mtu mzima anayemwamini *kabla* mazungumzo hayajafika mbali, maana simu ikikatika huna pa kuanzia. Namba 116, ya msaada kwa watoto, ni bure Tanzania na Kenya. Tena Tanzania, tangu marekebisho ya sheria ya 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila idhini ya mzazi, hivyo msimwambie kwa simu kwamba lazima aje na mama.

TabibuWilayani
Sawa kabisa. Video naitetea sehemu moja: kijana mwenye pumu. Mwambie atumie pampu mbele ya kamera. Utaona anabonyeza kabla hajafunga midomo, au anavuta kwa haraka, au hashikilii pumzi sekunde 10. Dawa inaishia kooni, halafu tunampandishia dozi bure.

Ila nikilazimishwa kuchagua njia moja kwa vijijini, ni mtoto kuwa zahanati na muuguzi, kisha daktari wa watoto awe kwenye simu. Uzito, joto, oksijeni na kipimo cha malaria vinapimwa hapo hapo, na bingwa anaamua kwa namba.

Sista_Korogwe
Hiyo naiunga mkono, kwa sharti moja: ushauri wa bingwa uandikwe kwenye kadi ya mtoto, pamoja na saa na jina lake. Ukibaki kwenye simu ya muuguzi wa zamu, wa usiku anaanza upya.